Naomba ushauri: kuhamishia spika za zamani za kompyuta kwenye kabati la gemu

Habari zenu wakuu. Natengeneza kabati la gemu la mbao, lile la kuchezea umesimama, na sauti nataka itoke kwenye spika mbili za kompyuta zilizokuwa zimekaa bure. Nimeshazifungua. Bodi ya amplifaya na transfoma vyote vimo kwenye spika ya kulia. Ya kushoto ina waya mbili tu. Zote ni za omu 4 na bado nzima.

Kurefusha waya za spika hakunitishi, nitaangalia tu chanya na hasi zisipishane, maana besi hupotea. Kinachonisumbua ni kitufe cha volyumu. Kimelehemiwa kwenye bodi, kina miguu sita ya sauti, na hicho hicho ndicho kinachowasha na kuzima. Nakitaka mbele, karibu na vitufe vya kuchezea. Nikikirefushia waya, naogopa muungurumo. Je, waya zenye ngao (wavu wa chuma unaokinga kelele) zikiunganishwa na athi upande mmoja zitatosha, au nihamishe bodi nzima?

Mimi naegemea kuhamisha bodi, ila skrini yangu ni ya chogo (ndiyo, bado naipenda), na sumaku za spika zisizokingwa huharibu rangi zake. Transfoma nayo sitaki iikaribie.

Pia swichi ya kuwashia iliyo kwenye kitufe hicho: nikiiunga moja kwa moja, ibaki imewashwa muda wote, ili kabati lote liwake kwa swichi moja, kuna namna ya kuzuia ule mlio wa "pa!" kwenye spika? Aliyewahi kufanya hivi anielekeze, hata kwa mchoro wa mkono.