Umewahi kukosa pa kulala huku mtandaoni unaonekana bosi? Tupeane uzoefu

Kapuku Mstaafu:
Wakuu, jana simu imenitolea picha ya 2019. Nimepiga suti, nimeegemea gari la watu Masaki, chini nimeandika "watafutaji hatulali". Kweli sikulala. Niliamkia benchi la stendi Ubungo, enzi mabasi hayajahamia Mbezi, na suti ilikuwa ya mteja wa fundi, saa nne anaijia. Nimecheka peke yangu mpaka wife akauliza kulikoni. Najua humu tuko wengi. Mwageni.

Mtoto wa Mbagala:
Miezi minne naoga msikitini, na status haikukosa hata siku moja 😂

Binti Singida:
Mnanitonesha kidonda. Nilikuwa nauza mtumba, gredi A tupu, mzigo nauhifadhi Karume. Soko likaungua Januari 2022, asubuhi nakuta majivu. Machi kodi ikaisha, baba mwenye nyumba akabadili kufuli. Rafiki akaniruhusu kulala kwenye fremu yake Sinza, ila niingie akishafunga na nitoke kabla hajafungua. Usiku nageuza maturubai yanakuwa pazia, nawasha taa, naenda laivu. "Dada duka liko wapi?" Nawajibu tunaleta mpaka mlangoni, mpenzi. Kuoga choo cha kulipia.

Sasa shangazi akamwonyesha mama zile laivu. Mama akanipigia anashukuru Mungu: "Mwanangu umefunguka, basi mdogo wako anakuja kusoma chuo, atafikia kwako." Dogo keshapanda basi! Nilienda kumpokea Mbezi nimejipulizia marashi yote yaliyobaki. Nikamwambia nyumba inapakwa rangi, tukae hapa stendi pakuche. Hakuuliza kitu. Alfajiri nikafungua mkoba, nikatoa mswaki, kopo la mafuta, kanga. Akaniangalia. "Dada, huu mkoba ndio nyumba?"

Nilijifanya simu inaita.

Mzee wa Facts:
Pole, lakini tusipambe. Kujionyesha una duka wakati huna ni utapeli. Watu walituma hela wakiamini kuna ofisi.

Binti Singida:
@Mzee wa Facts nitajie mteja mmoja ambaye hakupata nguo yake.

Kapuku Mstaafu:
Mzee, piga hesabu. Chumba cha elfu 80, wanataka miezi sita mbele, 480,000. Dalali naye mwezi wake, 560,000. Wewe unaingiza elfu kumi kumi kwa siku na unakula humo humo. Ukisema ukweli kwamba unalala nje, nani atakutumia hata ya nauli?

Mzee wa Facts:
Angerudi nyumbani akalime. Mnaogopa kuchekwa tu.

Mtoto wa Mbagala:
Alizeti ya Singida inasubiri mvua, mzee, na mvua haina simu.

Dalali Mwaminifu:
Wakuu chumba masta Goba, maji ndani, luku yako peke yako, 100k x 6. Njooni inbox.

Kapuku Mstaafu:
Huyu naye!! Toka msibani na daftari lako.

Msafiri wa Ohio:
Huku Columbus nimelala kwenye gari majira ya baridi, injini nawasha dakika kumi, nazima. Asubuhi narekodi theluji, "Marekani raha". Dakika mbili tu, binamu: "Kaka, nitumie ya pembejeo." Nikatuma. Msiniulize kwa nini.

Mama Ntilie:
Ushauri wangu: zima data, mfuate mtu mmoja unayemwamini, umwambie ana kwa ana. Mmoja tu.

Mtoto wa Mbagala:
Mimi nasema usizime. Ile status ndiyo iliyoniletea kibarua cha kupiga picha harusini. Nunua power bank kwanza, godoro litakuja.

Mama Ntilie:
Godoro kwanza. Mgongo hauchajiwi.

Kapuku Mstaafu:
Binti Singida, usitukimbie. Dogo ilikuwaje?

Mtoto wa Mbagala:
+1, nimekaa paleee.

Binti Singida:
Alienda kuripoti chuo, akapata kitanda hosteli. Kila Jumamosi ananiletea ndoo ya maji na sabuni, nafulia kwenye karo lao. Mpaka leo hajamwambia mama. Kuna siku nilikuwa laivu nikaona jina lake kwenye komenti: "Duka zuri dada, mnafunga saa ngapi?"