Mkaguzi ana jina, bodi ina wakubwa: je, faida inaaminika?

MwekaHazina_Moro:
Wakuu, naomba msaada. Kikundi chetu cha akina mama 22 hapa Morogoro kina milioni 9, tumezichanga miaka mitatu. Tunataka kununua hisa za kampuni moja iliyoorodheshwa Soko la Hisa Dar. Mwenyekiti wetu anasema tusihangaike na taarifa ya mwaka: mkaguzi ni kampuni kubwa ya kimataifa, na bodini kuna waziri mstaafu na profesa. Mimi nimeisoma. Faida inapanda mwaka wa nne mfululizo, lakini fedha taslimu zinazotokana na biashara zinashuka. Niwaambie nini wenzangu?

Kibubu:
Mwenyekiti hajakosea kabisa. Mkaguzi mkubwa akichafuka kwa mteja mmoja, wateja wengine wote wanamtilia shaka, kwa hiyo hasaini ovyo. Mkurugenzi mwenye heshima naye ana cha kupoteza.

MkaguziMstaafu:
Dada, nimekagua hesabu miaka 19. Kuna kiwanda nilikuta ankara za Desemba 29 na mzigo bado uko ghalani. Bosi wangu alikataa kusaini, wakayaondoa yale mauzo. Hapo jina la ofisi yetu lilifanya kazi.

Mwaka uliofuata ankara zote zilikuwa safi. Nikazunguka kwa mawakala: wamebebeshwa mzigo wa miezi mitatu kwa punguzo kubwa kabla ya Desemba 31, kwa mkopo. Matengenezo ya mashine yalisogezwa hadi Machi, gharama isiingie mwaka huo. Mzigo ulitoka kweli, karatasi zipo, hatukuwa na cha kukataa. Faida ilipanda, fedha hazikuingia. Marekani waliona hivyohivyo baada ya sheria kali ya hesabu za kampuni ya 2002: watafiti walikuta kampuni zimepunguza kucheza na vitabu na kuhamia kwenye kucheza na biashara yenyewe. Kwa hiyo mkaguzi mkali anaziba mlango mmoja tu.

Na wapo wenye majina wasioziba hata huo. Kamati ya ukaguzi ya Enron, kampuni ya nishati ya Marekani iliyoficha madeni yake, iliongozwa na Robert Jaedicke, profesa wa uhasibu aliyewahi kuwa mkuu wa shule ya biashara ya Stanford. Mkaguzi alikuwa kampuni ya Arthur Andersen, mmoja wa wakaguzi watano wakubwa duniani. Mwaka 2000 Enron ilimlipa dola milioni 52, na 27 kati ya hizo zilikuwa za ushauri, si ukaguzi. Desemba 2, 2001 Enron iliomba kufilisika.

Usiishie kwenye wasifu wa wakurugenzi. Tazama kila mmoja alihudhuria vikao vingapi na anakaa kwenye bodi ngapi nyingine. Tazama mkaguzi amelipwa nini nje ya ukaguzi. Halafu fungua maelezo ya wadaiwa, yaani wateja waliochukua mzigo na hawajalipa, uone wanaodaiwa zaidi ya siku 90.

MwekaHazina_Moro:
Shikamoo kaka, na ahsante sana. Nimefungua sasa hivi. Mauzo yamepanda kwa asilimia 11, wadaiwa wamekaribia mara mbili. Profesa amehudhuria kikao kimoja kati ya vinne.

MkaguziMstaafu:
Marahaba dada. Wapelekee akina mama namba hizo mbili kama zilivyo. Milioni 9 zikae kwanza kwenye hati fungani za serikali, hadi taarifa ya nusu mwaka ionyeshe kama wadaiwa wamelipa.

MwekaHazina_Moro:
Kikao chetu ni Jumamosi. Nakwenda nayo taarifa yenyewe, nimeikunja ukurasa wa wadaiwa.