Maduka ya dawa Ngamiani, hivi mnajua mnachotuuzia?

Wakuu, mods msiuunganishe uzi huu na ule wa bei za dawa. Huu si wa bei. Bei ilikuwa nafuu kabisa, na ndiyo iliyomponza mama mkubwa.

Magoti yanamsumbua siku nyingi. Duka liko hapa hapa Tanga, Ngamiani, barabara ya ngapi sisemi maana uzi utafutwa. Akawa anapewa vidonge vyeupe kwenye bahasha mbili ndogo za kaki. Moja imeandikwa kwa kalamu "2x3", nyingine "1x2", basi. Hakuna jina la dawa wala tarehe. "Mama, hizi ni kiboko ya maumivu, zikiisha unajua nilipo." Na kweli, haikupita siku akawa anakwenda soko la Mgandini kwa miguu. Nani atabishana na dawa ya namna hiyo?

Miezi ikapita. Uso ukajaa ukawa duara, tumbo likatoka, mapaja yakabaki membamba. Majirani wanamsifia: "Bi mkubwa umenawiri, wanao wanakutunza!" Ikaja kiu isiyoisha, usiku kucha haja ndogo, na mkono ukigusa tu kizingiti unaacha doa jeusi chini ya ngozi. Kila mtu akasema uzee huo.

Akaenda msibani Pangani, dawa zikamwishia huko. Baada ya siku chache hawezi hata kusimama, kizunguzungu, anatapika, presha imeshuka vibaya. Hospitali daktari akauliza swali moja: "Alikuwa anatumia dawa gani?" Tukabaki kutazamana. Bahasha tunayo, lakini inasema 2x3! Kijana wetu akatumwa dukani, muuzaji akaruka kimanga, mpaka alipotajiwa polisi ndipo akateremsha makopo mawili: prednisoloni ya miligramu 5, ambayo ni steroidi, yaani dawa inayoiga homoni ya mwili, na diklofenaki, dawa ya maumivu.

Haya, pigeni hesabu. Vidonge viwili vya prednisoloni mara tatu ni miligramu 30 kwa siku. Mwili wa mtu mzima wenyewe hutengeneza homoni yake ya kotisoli, kwenye tezi zilizokaa juu ya figo, kiasi ambacho ukikipima kwa prednisoloni ni takriban kidonge kimoja kwa siku. Ukiumwagia dawa wiki nyingi mfululizo, tezi zinalala. Ukikata ghafla, haziamki siku hiyo hiyo, na mtu anaweza kufa. Ndiyo maana daktari anapunguza dozi kidogo kidogo. Mama mkubwa alitundikiwa dripu na kuchomwa haidrokotisoni, dawa ya jamii ile ile, ndiyo iliyomrudisha. Sasa hivi sukari iko juu, na kupunguziwa prednisoloni bado kunaendelea.

Na ile diklofenaki juu yake! Mbili hizo pamoja zinaongeza hatari ya vidonda vya tumbo na kutoka damu. Muuzaji hakuuliza hata kama ana vidonda, presha au sukari. Hakumwambia anywe baada ya kula. Steroidi kwa kawaida hunywewa asubuhi, kwa sababu ya jioni inamnyima mtu usingizi. Yeye kamwandikia kutwa mara tatu.

Kabla hamjaja na "dawa za kizungu ni sumu": hapana, sitaki huo ujinga hapa. Mwenye pumu iliyombana, mwenye lupasi (kinga ya mwili inayoushambulia mwili wenyewe), mtoto anayevimba kwa ugonjwa wa figo, wote wanaokolewa na dawa hizi za steroidi. Mwaka 2020 utafiti wa Uingereza ulionyesha deksamethasoni, steroidi nyingine, ilipunguza kwa theluthi moja vifo vya wagonjwa wa Uviko waliokuwa kwenye mashine za kupumulia. Ila hao walipewa miligramu 6 kwa siku, zisizidi siku 10, wakiangaliwa na madaktari. Nyinyi mnaziuza kama karanga, na hiyo hiyo deksamethasoni mnawapa mabinti eti ya kuongeza mwili. Tyubu za klobetasoli, steroidi ya kupaka, za kung'arisha uso sitaanza nazo, tutakesha.

Kama nyumbani kuna mzee anayekunywa vidonge vya bahasha vilivyomnenepesha uso, tafadhali USIVITUPE leo kwa hasira. Mpeleke hospitali na vidonge vyake vyote mkononi, mwambie daktari ametumia tangu lini. Homa ikimpata wakati huo msiipuuze hata ikiwa ndogo, kwa sababu dawa hii inashusha kinga na kuficha dalili.

Malalamiko nimeshayapeleka Baraza la Famasi kwa maandishi. Na wewe muuzaji unayejiandaa kunijibu kwamba wazee wenyewe ndio wanaozitaka, nijibu kwanza hili: kuandika jina la dawa kwenye bahasha kunakugharimu nini?