Wachapa stika wa Mwanza, mnatuharibia geji za magari ya spoti. Inatosha!

Wakuu, salamu kwenu. Uzi huu ni wa malalamiko na sitamumunya maneno.

Hapa Mwanza, kuanzia katikati ya mji hadi Buzuruga na Nyegezi, siku hizi kuna biashara ya kubandika nyuso mpya za geji (ile karatasi ya namba iliyo nyuma ya mshale) kwenye magari ya spoti ya zamani: Celica, MR2, Skyline, Altezza, Impreza, Eunos Roadster. Kutaka uso mpya ni haki ya mwenye gari. Uso wa tangu miaka ya 90 umepauka, namba zimeliwa na jua, usiku husomi kitu. Kinachonikasirisha ni kwamba kazi hii imeangukia kwa watu wa stika za bajaji na mabango ya sendofu, nao wanaifanya kwa mkono uleule. Geji ni kipimo, jamani. Mtu anaendesha kwa kuamini kile mlichomchorea.

Nianze na ujinga mkubwa kuliko wote: uso wa spidi hadi 260. Klasta (lile boksi la geji zote kwenye dashibodi) nyingi za magari yaliyouzwa Japani zinaishia kilomita 180 kwa saa, kwa sababu watengenezaji wa kule walikubaliana kuyafunga yasipite hapo. Mteja anaona picha ya 260 mtandaoni, anaitaka. Mchapaji anaichukua, anaitandaza kwenye nafasi ileile ya mzunguko, anabandika, analipwa. Mshale haujui kusoma. Unazunguka pembe ileile uliyopangiwa kiwandani, kwa hiyo gari likiwa kwenye 100 halisi unaonyesha 144, na likiwa kwenye 50 unaonyesha 72. Msiniambie "bora isome zaidi". Kanuni namba 39 ya Umoja wa Mataifa ya spidimita inaruhusu izidishe kwa asilimia 10 ya mwendo halisi na kuongeza kilomita 4 kwa saa, na hairuhusu kabisa isome pungufu. Kwa 100 halisi, mwisho ni 114. Nyinyi mmefika 144.

Kinyume chake kinaua. Magari yaliyotoka Uingereza yana klasta ya maili. Zinatoka kazi mitaani humu ambazo neno MPH limefutwa, pakaandikwa km/h, namba zikabaki zilezile! Dereva anaingia Igoma mshale uko 50, anajiona yuko ndani ya sheria, kumbe anakwenda 80. Akipigwa tochi anabishana na trafiki, na trafiki ndiye yuko sahihi. Mtoto akikatiza hapo je? Na hata mkizipanga namba vizuri, odomita, ile hesabu ya umbali gari lilikokwenda, bado inahesabu maili. Anayemwaga oili kila 5,000 kwa kuifuata hiyo, amekwenda kilomita 8,000. Mwambieni mteja. Mwandikieni kabisa, mbandike ndani ya boneti.

Hesabu yenyewe ni ya shule ya msingi, ndiyo maana inauma. Pima pembe kutoka sifuri hadi namba ya mwisho, kitovu cha mshale kikiwa katikati ya kipimapembe. Tuseme uso wa maili 0 hadi 140 umechukua digrii 252: kila maili ni digrii 1.8. Kilomita 100 ni maili 62.14, basi alama ya 100 inakaa digrii 111.85 kutoka sifuri, na ya 50 inakaa nusu ya hapo. Ila pima kwanza kila namba ya uso wa zamani. Si spidimita zote zimegawanyika sawa. Baadhi zimebanwa mwanzoni, na ukigawa sawasawa unaharibu mwendo mdogo, huohuo tunaotembea nao mjini.

Halafu hii tabia ya kupiga uso picha kwa simu. Simu ikiinama kidogo tu duara linavutika upande mmoja, na pembe zote zimekufa hapo. Toa uso, ulaze bapa kwenye skana ya kioo, dpi 600, weka rula ya chuma pembeni. Chora upya kwenye CorelDRAW, mnayo wote. Kabla ya kugusa malighafi, chapa kwenye karatasi ya kawaida pamoja na mstari wa mm 100, kisha upime. Ukikuta 96, printa imepunguza picha ili ienee kwenye karatasi. Kupungua kwenyewe hakubadilishi pembe. Shida ni kwamba matundu ya skrubu na madirisha ya taa hayakai tena, basi kijana anausukuma uso hadi tundu likubali, na kitovu kimeshahama. Alama zikiwa mm 40 kutoka kitovuni, kuhama kwa mm 1 tu ni karibu digrii 1.4. Kwenye klasta ya 180 iliyochukua digrii 240, hiyo ni zaidi ya kilomita 1 kwa saa. Mkisukuma mm 3, jumlisheni wenyewe.

Malighafi. Vinaili ya mabango haifai, haifai, haifai. Gari likishinda juani hapa Mwanza dashibodi inakuwa tanuri: vinaili inasinyaa, kingo zinanyanyuka, zinaugusa mshale. Mshale unanasa kwenye 60 na gari limesimama. Tumieni polikaboneti, plastiki ngumu inayopitisha mwanga, ya mm 0.25, mchape kinyume upande wa nyuma ili wino ulindwe na plastiki yenyewe. Weusi upite mara mbili au tatu. Shikeni kazi mbele ya tochi ya simu kwenye chumba cha giza: kila kitundu kinachovujisha mwanga kitaonekana usiku kama nyota. Nyuma ya namba wekeni tabaka jembamba la weupe ili mwanga usambae. Klasta nyingi za magari haya zinamulikwa kwa nyuma. Mkibandika kitu kisichopitisha mwanga mmezima geji zote, halafu ndiyo mnaanza kutundika vipande vya LED pembeni vinavyompiga dereva machoni.

Kuna na zile nyuso za kung'aa zinazoagizwa, zenye kisanduku kidogo cha umeme. Zile zinawaka kwa umeme wa AC wa volti nyingi na unga unaong'aa uitwao phosphor, na adui wa unga huo ni unyevu. Gari linalolala Kirumba au Capri Point, jirani na maji, likiwekewa uso wa aina hiyo wenye kingo zilizokatwa kwa mkasi bila kuzibwa, litapata madoa meusi yanayotambaa kutoka pembeni. Mteja anaambiwa "ni mbovu ya kiwandani". Mkasi wenu ndio umeleta hayo.

Mshale sasa. Hapa ndipo nikiona bisibisi naumwa kichwa. Bisibisi ya upande mmoja inapinda shafti, na shafti ikipinda hakuna wa kuinyoosha. Vijiko viwili vya chai, kila upande kimoja, kitambaa chini yake, inua wima kwa pamoja. Lakini kabla ya kuung'oa, tafuta sifuri ya kweli. Geji nyingi za zamani zina kipini cha kuzuia pale kwenye sifuri, na springi inautaka mshale ushuke chini ya hapo. Unyanyue kidogo upite juu ya kipini, uache ushuke utulie wenyewe, weka alama kwenye maskingi tepu. Ukimaliza kubandika, urudishe kwenye alama hiyo, ndipo uupandishe tena juu ya kipini. Ukiurudisha kwenye kipini moja kwa moja, umemwongezea dereva pembe yote iliyokuwa chini yake, na geji itazidisha kuanzia mwanzo hadi mwisho. Na msipake mshale rangi nzito. Ukielemewa upande mmoja hausimami pake.

La mwisho kwangu ni geji ya joto. Watengenezaji wengi wa miaka ya 90 waliipanga ili mshale usimame katikati kwa upana mkubwa wa joto, dereva asihangaike. Nyinyi mnachapa 50, 70, 90, 110, 130 kwa nafasi sawa. Dereva anaona 90 safi, kumbe maji yameshapita 100, na mshale ukija kuondoka katikati gasketi ya silinda hedi imekwisha. Eunos nayo, kuanzia toleo la 1995, geji yake ya presha ya oili inaendeshwa na swichi tu: presha ipo au haipo. Kuandika namba pale ni uongo mtupu.

Kama mnataka namba za joto, zipateni kwa kupima. Fungua sensa, ining'inize kwenye sufuria ya maji pamoja na kipimajoto, bodi ya sensa iunganishwe na earth kwa waya, klasta iwe na umeme. Weka alama kwenye 50, 70, 85, kisha maji yakichemka. Na msije mkaandika 100 hapo! Mwanza iko kama mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, maji ya sufuria wazi yanachemka kwenye 96 hivi. Rejeta yenye mfuniko wa presha ni habari nyingine.

Majibu

#2
Mkuu umegusa penyewe. Niongeze ya nyuma ya klasta. Zile skrubu na nati zinazoshika geji ya RPM (mizunguko ya injini kwa dakika), mafuta na joto, kwenye magari mengi zinapitisha umeme kwenda kwenye geji. Vijana wanazichanganya, wanakaza ndefu mahali pa fupi, plastiki inapasuka, au wanaacha moja imelegea kisha geji ya mafuta inacheza. Chora klasta kwenye boksi la karatasi, kila skrubu ichomekwe mahali pake. Ile karatasi ya njia za umeme ya nyuma usiikunje. Ikikatika njia moja ni kuchomelea kwa waya mwembamba, na si kila fundi anaweza.

Wanaziba pia taa za onyo ili uso "upendeze". Taa ya chaji kwenye magari mengi ya zamani ndiyo inayoamsha altaneta. Ukitoa globu yake kwa kuwa uso mpya hauna dirisha, mwenye gari atarudi analalamika betri haichaji, na fundi mwingine atamuuzia altaneta bure.

#3
Kwa spidimita ya waya, ile inayoendeshwa na waya unaozunguka, huna haja ya kubahatisha. Kipimo cha Kijapani ni mizunguko 637 kwa kilomita. Fungia waya kwenye drili ya kubadilisha kasi, zungusha mara 637 kwa dakika, mshale lazima usome 60. Hakikisha drili inazunguka upande ambao mshale unapanda. Zenye sensa inayotoa mapigo 4 ya umeme kwa mzunguko, hiyo ni mapigo 2,548 kwa kilomita.

RPM: injini ya silinda 4 inatoa mapigo 2 ya moto kwa kila mzunguko, hivyo RPM 3,000 ni 100 Hz, yaani mapigo 100 kwa sekunde. Silinda 6 ni mapigo 3, hivyo 3,000 ni 150 Hz. Waliobadilisha injini kutoka 4 kwenda 6 wakaacha klasta ya 4, geji inasoma mara moja na nusu. Mchapaji akiombwa "kurekebisha kwa stika", aulize kwanza injini gani imo ndani.

#4
Mimi nipo kwenye kazi hii ya kuchapa. Yote mnayosema ni kweli lakini mteja anakuja na bei ya stika na anataka aondoke na gari lake jioni. Polikaboneti ya mm 0.25 siipati hapa kirahisi. Na akitaka 260 nimfukuze?

#1 anajibu #4
Ndiyo, mfukuze. Au mwambie ukweli: akitaka 260 kwenye klasta ya 180 anahitaji kisanduku cha kupunguza mapigo ya sensa ya mwendo, na hicho kitapunguza hesabu ya odomita pia kama zote mbili zinatumia sensa moja. Akikubali hayo kwa maandishi, mchapie.

Kuhusu bei, nakuelewa, ila usiuze kazi ya siku mbili kwa bei ya stika halafu ukapunguza upimaji. Tenganisha: uchoraji bei yake, malighafi bei yake, kufungua na kurudisha klasta bei yake. Asiyeweza kulipia kufungua, mpe uso mkononi aende kwa fundi umeme anayejua. Malighafi agiza Dar kwa shiti nzima, shiti moja inatoa nyuso nyingi.

Na hakuna gari kuondoka bila kupimwa. Matairi yawe na upepo wake, simu yenye GPS kwenye kishikio, mwenzako asome wewe uendeshe. Nendeni barabara ya Usagara–Kisesa asubuhi, mshikilie mwendo mmoja kwenye tambarare mpaka GPS itulie: 40, 60, 80. Andikeni GPS imesema ngapi na geji imesema ngapi. Geji ikisoma pungufu hata kwa kilomita 1, au ikipita 48 kwa 40, 70 kwa 60, 92 kwa 80, ng'oa mshale urudie.