Mjadala: Daktari anahitimu bila kuwahi kushika adrenalini, dawa ya dharura ya mzio mkali. Tubadilishe mtaala au tuache?

Dkt_Kiborloni (mwanzisha mada)

Wadau, heshima kwenu. Naanza na aibu yangu ili baadaye msinitafutie nyingine.

Nikiwa intern, daktari wa mafunzo, kwenye hospitali moja ya huku kaskazini, bodaboda ilileta mapokezi kijana aliyevamiwa na nyuki akikata migomba kihambani. Midomo imefura, mabaka yanayowasha mwili mzima, anatoa neno moja moja, presha inashuka. Nikafanya nilichokizoea kukiona wodini: haidrokotisoni mshipani, Piriton mshipani, dripu. Kisha nikasimama kusubiri. Sista wa zamu, mama mtu mzima, akanitazama akasema, "Daktari, adrenalini iko kwenye trei." Nilijua iko. Mtihanini swali hilo nililipata. Lakini nilikuwa na sauti ya mtu fulani kichwani, kwamba adrenalini husimamisha moyo. Sista hakurudia. Alivuta nusu mililita, akanikabidhi bomba la sindano, akaweka kidole ubavuni mwa paja la kijana: hapa. Baada ya muda mfupi kijana anauliza simu yake ameibeba nani.

Kichwa kilikuwa na jibu, mkono haukuwa nalo. Adrenalini ya miligramu 1 kwa mililita, mtu mzima nusu mililita kwenye msuli wa nje wa paja, unarudia baada ya dakika 5 kama hali haijageuka. Mtoto ni miligramu 0.01 kwa kila kilo. Basi. Piriton inatuliza muwasho, haifungui koo wala kuinua presha. Haidrokotisoni inachukua saa kadhaa. Yale maafa tunayotishiwa nayo yanatokana zaidi na watu kuisukuma mshipani bila kuipunguza, au kukosea dozi. Pajani, kwa mtu anayekufa, hatari kubwa ni kuchelewa.

Hoja yangu ni hii: kabla ya kuhitimu, kila mwanafunzi wa udaktari apate wiki 2 za magonjwa ya mzio, na asipitishwe kwa kuandika tu. Achome adrenalini kwenye mdoli huku saa inahesabu. Akae kliniki na watoto wa pumu na wa ukurutu, awaone wakirudi, si mara moja tu wakiwa wamezidiwa. Amfundishe mzazi kutumia pampu ya kuvuta dawa ya pumu mpaka mzazi aweze. Sitaki idara mpya, sitaki mashine. Pingeni.

Mzee_Pasua

Mwanangu, pole na nyuki. Mimi ni bwana afya mstaafu, nimezunguka wilaya hizi kwa baiskeli kabla hamjazaliwa. Mtaala wa miaka 5 umeshafurika. Kuna TB, UKIMWI, malaria, uzazi, majeruhi wa hizo hizo bodaboda, na sasa presha na kisukari. Kila mwenye ugonjwa wake anaomba wiki 2. Tukiwapa wote, daktari atahitimu na mvi.

Halafu tuseme ukweli, aleji, huo mzio wenu, ni ugonjwa wa watu wenye friji. Sisi tumekula vumbi la mji huu, tumelala na ng'ombe, nani alipiga chafya? Fundisheni malaria kwanza.

MwakaWaNne

Shikamoo mzee. Malaria ndiyo umeitaja pabaya. Kuna utafiti uliofanywa hapa hapa Moshi ukachapishwa 2013: wagonjwa 870 waliolazwa na homa katika hospitali mbili. Walioandikiwa malaria walikuwa 528. Ambao kweli malaria ndiyo iliyowalaza walikuwa 14. Sijakosea kuandika, kumi na nne. Madaktari hawakuwa wajinga, waliona walichofundishwa kukiona. Ndiyo maana mtoto anayekoroma kifua usiku anaandikiwa nimonia kila mwezi.

Kwa upande wetu wanafunzi, nisimung'unye maneno: mzio tumepewa mhadhara mmoja, slaidi nyingi, mwalimu anaangalia saa. Kitabu changu cha mazoezi kina sahihi za kuweka katheta, kushona jeraha, kuzalisha. Sahihi ya adrenalini haipo kwa sababu hata mstari wake haupo.

Dkt_Kiborloni

Mzee, kwenye friji hujakosea kabisa. Strachan wa Uingereza alisema jambo la jamaa hiyo mwaka 1989, kwamba watoto wa familia kubwa, wanaoambukizana vijidudu mapema, wanapata mafua ya mzio kidogo. Na ng'ombe wamehusishwa na kinga vilevile. Ila mji uliouzunguka kwa baiskeli sio huu. Kulala na ng'ombe kumepungua, magari yameongezeka, na viwanda vya kahawa vina vumbi la buni mbichi ambalo lenyewe linajulikana kuleta mzio kwa wafanyakazi. Pumu ya mkoboaji kahawa nani anaiuliza? Tunaandika "kikohozi" tunafunga faili.

Mama_Njiro

Mimi si mtu wa afya, ni mzazi, niko Arusha. Niwaambie mlivyonifanyia.

Mwanangu ana miaka 4. Tangu mchanga ana ukurutu kwenye mikunjo ya viwiko na nyuma ya magoti, ikifika usiku anakohoa. Tumekunywa antibayotiki mpaka tukajua ladha zote. Nikakata tamaa, nikaenda maabara moja ya binafsi, nikalipa hela ya maana, damu ikapimwa, nikapewa karatasi: vyakula 11. Maziwa, mayai, ngano, karanga, maharage, samaki, sikumbuki vyote. Nikaondoa vyote. Nikabaki na ndizi na mchicha. Mtoto akakonda mpaka jirani akaanza kuniangalia vibaya.

Kuna daktari mmoja wa kike ndiye aliyeniuliza, "Akila yai, hutokea nini, na baada ya muda gani?" Hakitokei kitu. "Na maziwa?" Hakitokei kitu. "Unampaka nini ngozini, na mara ngapi?" Hapo ndipo nilipokuwa na makosa. Leo anakula mayai, anapakwa mafuta mazito akitoka kuoga, dawa ya ngozi anapakwa akichachamaa tu, na ana pampu.

Kwa hiyo wiki zenu 2 naziunga mkono, ila sikubali hiyo "sitaki mashine". Mimi nataka kipimo cha kueleweka na bingwa wa kukisoma hapa hapa Arusha. Kwa nini nifikirie Nairobi kwa ajili ya kikohozi?

Dkt_Kiborloni

Dada, pole sana, na hadithi yako ndiyo ushahidi wangu. Ile karatasi huenda haikuwa ya uongo. Ilionyesha kwamba damu ya mtoto inavitambua vile vyakula. Kutambua si kudhurika. Na huku kwetu, mtoto mwenye minyoo anaweza kuwa na kingamwili ya IgE, ile inayohusishwa na mzio, juu sana bila mzio wowote. Hata kile kipimo cha kuchoma ngozi kidogo kwa tone la kizio, yaani kitu kinachoshukiwa kuleta mzio, unachosoma baada ya dakika 15 hadi 20 ukitafuta uvimbe wa milimita 3 au zaidi, hakisemi lolote kama hukumhoji mgonjwa kwanza. Tena kama amemeza Piriton siku zile, kinadanganya.

Maswali matatu ya yule daktari yalimrudishia mtoto uzito. Hayo ndiyo nataka yafundishwe.

Mama_Njiro

Na yeye aliyafundishwa na nani? Nilimuuliza. Alikaa Cape Town kwa mafunzo ya watoto. Sasa utawafundishaje wanafunzi 200 kama mwalimu wao naye hakufundishwa? Bingwa ni wa kufundisha, si wa kunitibu mimi peke yangu. Hilo hujanijibu.

MfamasiaSakina

Naongeza la macho maana mmelisahau. Watoto wa huku wanaofikicha macho mpaka weupe unageuka kahawia, ule ni mzio, na ni wengi. Mama anakuja dukani na kichupa kitupu: "Nipe kama hiki." Ndani mna deksamethasoni, dawa ya jamii ya steroidi. Mtoto anapata nafuu kwa siku mbili, kwa hiyo anarudi, na anarudi tena. Ikitumika miezi bila kupimwa, dawa hiyo inaleta presha ya macho, na mtoto wa jicho pia. Kuona kukishapotea kwa presha ya macho hakurudi.

Sijifanyi mtakatifu, nami nimeuza. Lakini cheti cha kwanza kiliandikwa na daktari, bila "rudi baada ya wiki 2". Cheti cha pili mpaka cha kumi ni mazoea. Na salbutamoli, ile pampu ya bluu ya pumu, ni hivyo hivyo. Mwongozo wa kimataifa wa pumu tangu 2019 unakataza kumwachia mtu mzima au kijana pampu ya bluu peke yake, bila steroidi ya kuvuta. Wateja wangu wengi wanayo ya bluu tu.

Mzee_Pasua

Nimesoma kimya. Nina swali la binafsi kidogo. Kitabu changu cha kliniki kimeandikwa kwa wino mwekundu tangu 1974: asipewe penisilini. Je, hiyo nayo ni aleji ya kwenye friji?

Dkt_Kiborloni

Mzee, kilitokea nini mwaka huo?

Mzee_Pasua

Niliharisha sana.

Dkt_Kiborloni

Kuharisha pekee ni kero ya dawa, kwa kawaida si mzio. Kule Marekani takriban watu 10 kwa kila 100 wana huo wino mwekundu kwenye mafaili yao, na wakipimwa vizuri, zaidi ya 9 kati ya kila 10 wanaipokea penisilini salama. Usijijaribu nyumbani lakini, nenda ukahojiwe na kujaribiwa mahali penye trei ya dharura. Mimi nawaza zaidi mtoto mwenye moyo ulioharibiwa na homa ya baridi yabisi, anayehitaji penisilini ya kila mwezi. Akiandikiwa wino mwekundu kwa sababu ya kuharisha, tumemnyang'anya kinga yake bora.

Mzee_Pasua

Miaka yote hiyo nimemeza erithromaisini na tumbo linalia. Haya. Kwenye wiki 2 bado siafiki, nipunguzie iwe 1. Hayo ya kuhoji yaingizwe kwenye wodi ya watoto na ya ngozi, msiyajengee nyumba yao.

Tabibu_SanyaJuu

Nimewaacha muongee mpaka mwisho. Mnagombania mwanafunzi wa MD, wa shahada ya udaktari. Mwenye nyuki haanzii kwake. Anaanzia kwangu zahanati, mimi mwenye diploma, na muuguzi mmoja, na wakati mwingine muuguzi yuko kwenye chanjo. Nikishindwa, gari mpaka hospitali ya wilaya, na barabara mnaijua ikinyesha. Kwa hiyo huo mdoli na saa vikikaa chuo kikuu peke yake, mtakuwa mmefundisha mtu wa kupokea maiti.

Na mfano mnao mlangoni. Kile kituo cha mafunzo ya ngozi pale KCMC, hospitali ya rufaa ya hapa Moshi, tangu miaka ya 1990 kinachukua matabibu na wauguzi kutoka nchi nyingi za Afrika, kinawasomesha, wanarudi vijijini kwao kutibu ngozi. Hawakusubiri kila wilaya ipate bingwa. Dada wa Njiro, nadhani jibu la swali lako liko humo: mabingwa wachache, kazi yao kubwa iwe kuzalisha sisi.

MwakaWaNne

Tabibu, tukija kwako kwa mafunzo ya vijijini, unaweza kutufundisha pampu? Nauliza kwa sababu niliona chupa ya maji ya nusu lita imetobolewa matako ikaunganishwa na pampu, nikacheka. Nikaambiwa Heather Zar na wenzake wa Cape Town waliipima mwaka 1999 kwa watoto wenye pumu iliyowabana, ikafanya kazi sawa na kile chombo cha dukani cha kuvutia dawa ya pampu. Sikucheka tena.

Tabibu_SanyaJuu

Njooni. Tundu liwe saizi ya mdomo wa pampu, ukingo uzibe kwa gundi. Mama mmoja huku anawatengenezea wenzake.

Dkt_Kiborloni

Tabibu, umenigeuza. Nilianza na MD kwa sababu ndiko nilikoaibika. Nabadilisha hoja: zoezi la adrenalini lianze kwa matabibu na wauguzi wa zahanati, na mwanafunzi wa udaktari akalifanyie huko huko, mbele yao. Wiki 2 naendelea kuzidai, Mzee utanisamehe. Dada Njiro, la walimu sijalimaliza. Sina jibu zuri kuliko la Tabibu.

Nina Jumamosi moja mwezi ujao. Nije na mdoli na ampuli zilizopitwa na muda za kufanyia mazoezi. Ulete nini wewe?

Tabibu_SanyaJuu

Watu nitaleta, 8 hivi. Ampuli nzima ninazo 3. Usije na mdoli tu, njoo na mabomba ya mililita 1. Mimi ninayo ya 5 na ya 10. Mtoto wa kilo 15 anataka mililita 0.15. Ipime hiyo kwa bomba la 5, mikono ikitetemeka, halafu uniambie umevuta ngapi. Na usiniambie nitumie la insulini, sindano yake ni fupi, haifiki kwenye msuli.