Nina laki mbili za vitabu vya picha na watoto 58 wa awali. Nichague kwa kipimo gani?

Mwalimu wa Mkekani, Muheza

Habari zenu ndugu zangu. Nafundisha darasa la awali, watoto 58, wengi wana miaka 5. Wazazi wamechangishana, nimekabidhiwa shilingi 200,000 za kununua vitabu vya picha. Jumamosi nilishuka Tanga mjini, nikakaa dukani karibu saa nzima nikifungua kimoja baada ya kingine, nikarudi na vitatu tu vya kujaribia.

Kamati ya wazazi imenipa sharti moja: kila kitabu kiwe na funzo. Mwenzangu wa darasa la kwanza anasema nihesabu maneno, ukurasa usizidi maneno 8. Mimi mwenyewe navutwa na rangi.

Jumatatu nikavisoma vyote vitatu mkekani. Chenye funzo kilihusu mtoto aliyekataa kunawa mikono akaumwa tumbo. Walisikiliza kwa adabu, kikaisha, kimya. Kingine hakina funzo ninaloliona: kuku anatafuta mahali pa kutagia, basi. Hicho walitaka nikirudie mara 3. Na katika mara ya pili, mtoto mmoja ambaye tangu Januari sijawahi kusikia sauti yake darasani alinyoosha kidole akasema, "Mwalimu, nyoka yule." Nilikuwa nimekisoma nyumbani mara 2 na sikumwona. Amejikunja nyuma ya mtungi, na maneno hayamtaji popote.

Naombeni mnisaidie. Ninyi mnavipimaje? Na kamati niiambie nini?

Bi Mkubwa wa Maktaba

Mwanangu mwalimu, hongera kwa kazi. Nimestaafu baada ya miaka 27 maktabani, mingi katika chumba cha watoto, na huyo nyoka wako ndiye jibu langu.

Kitabu cha picha kina wasimulizi wawili, maneno na picha. Wakisema jambo lilelile, mmoja hana kazi. Maneno yanasema "Juma ana mpira mwekundu", picha inamwonyesha Juma na mpira mwekundu; mtoto ameshamaliza kila kitu kabla hujafunua. Lakini pale picha inapojua jambo ambalo maneno hayalijui, mtoto asiyejua kusoma anakuwa mbele ya anayemsomea. Ndiyo maana yule mtoto wako alisema. Alikuwa na habari ambayo wewe huna.

Kwa hiyo mimi hufanya hivi. Nafunika maneno kwa kipande cha karatasi, napitia picha peke yake mpaka mwisho. Kisha nasoma maneno bila kutazama picha. Kama upande mmoja umenipa hadithi nzima, nakirudisha rafuni.

Tazama pia kunapofunuliwa ukurasa. Vitabu vingi vya picha vya nje vina kurasa 32, kwa sababu ya namna karatasi kubwa ya kiwandani inavyokunjwa. Hivi vyetu vya kubanwa pini katikati huenda kwa 4: 12, 16, 24. Mwandishi anayejua kazi yake hutumia kila kufunua. "Kuku akachungulia ndani ya kapu, akaona…" halafu mkono ndio unaofunua. Jibu likiwa kwenye ukurasa uleule, macho ya watoto yameshafika, na sauti yako inawafuata nyuma.

Kuhusu kuhesabu maneno, mwambie mwenzako kwa heshima kwamba kipimo hicho kinafaa zaidi lugha zenye maneno mafupi mafupi. Kwetu "hawakumfungulia" ni neno moja lenye silabi 8 na watu wa pande mbili ndani yake. "Paka yuko juu ya meza" ni maneno 5, na mtoto wa miaka 5 anayameza bila shida. Soma kwa sauti. Pumzi ikikukatikia katikati ya sentensi, ni ndefu, hata kama ina maneno 4.

Kiswahili chenyewe ukikague kuliko unavyokagua rangi. Niliwahi kusoma kitabu cha kutafsiriwa mbele ya watoto: "Kifaranga kilikimbia." Nusu ya chumba wakajibu kwa pamoja, "Alikimbia!" Hawajafundishwa ngeli na mtu, ila wanajua kifaranga ana roho na kijiko hakina. Tazama kama "ng'ombe" imechapwa bila king'ong'o chake, kile kialama baada ya "ng". Tazama kama kila sentensi inaanza na "yeye", maana hiyo ni dalili kwamba mfasiri alikuwa anafuata lugha nyingine neno kwa neno. Watoto hawa wanajifunza kusoma kwa herufi hizohizo. Kosa la kitabu wataliamini.

Na kamati usigombane nayo. Hadithi za bibi zetu zilikuwa na mafunzo tele. Lakini bibi alianza na "Hadithi, hadithi!" akasubiri, nasi tukaitikia, "Hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea." Tulichokiita ni utamu. Funzo lilikuja nao.

Mchoraji, Dar

Bi Mkubwa, shikamoo. Naongezea ya upande wa picha tu.

Mwalimu, una watoto 58, kwa hiyo usikipime kitabu kikiwa mkononi. Kisimamishe, rudi nyuma hatua 5. Kama humtambui mhusika kutoka pale, watoto wa nyuma watakuwa wanasikiliza redio. Kagua mkunjo wa katikati, maana mara nyingi uso wa mtu umelala hapo na umekatika. Kagua maandishi meusi yaliyowekwa juu ya majani ya kijani kibichi. Kagua kama mtoto wa ukurasa wa 3 ndiye yuleyule wa ukurasa wa 9: nguo, nywele, kimo. Mtoto mdogo akiona gauni limebadilika bila sababu anadhani ni mtu mwingine.

Rangi nyingi hazina uzito unaoufikiria. Mwaka 1971 Muriel na Tom Feelings walitoa Marekani kitabu cha kuhesabu kwa Kiswahili, moja hadi kumi, *Moja Means One*. Muriel alikuwa amefundisha Uganda. Picha za kitabu hicho hazina rangi za kung'aa, na mwaka 1972 kilitunukiwa heshima ya Caldecott, ambayo hutolewa kwa ajili ya picha.

Kwa bajeti yako, nunua vya pini. Vya gundi, kwa joto la Tanga na mikono 116, vitaachia kurasa mapema. Pia kuna African Storybook, mradi wa hadithi za watoto za mtandaoni ulioanzishwa Afrika Kusini. Hadithi zake ni huru kuchapisha, na za Kiswahili zipo. Tafsiri zake zimepitia mikono mingi, kwa hiyo zipime kwa masikio ya Bi Mkubwa.

Baba Wawili, Mwanza

Naomba nitofautiane kidogo. Mimi niko kwenye kamati kama hiyo. Mzazi anayetoa 3,500 yake anataka kuona mtoto amebadilika, na kunawa mikono si jambo dogo. Msituone hatuna akili.

Bi Mkubwa wa Maktaba

Baba, una haki. Wala sikatai kunawa mikono. Nauliza kama mtoto wa kitabu kile ni mtu. Ana kitu anachokitaka? Pengine amekataa kunawa kwa sababu akienda bombani wenzake watamalizia embe. Hapo kila mtoto atakaa upande wake, na tumbo likimuuma litawauma wote. Kama amechorwa ili aadhibiwe tu, watasikiliza kwa adabu, kama alivyosema mwalimu.

Mwalimu wa Mkekani, Muheza

Asanteni sana. Narudi na taarifa.

Nilifanya jaribio la karatasi. Kile cha kunawa kilianguka upande wa picha: hazisemi lolote zaidi ya maneno. Cha tatu, cha kutafsiriwa, kilikuwa na nyumba inayotoa moshi juu ya paa. Watoto wakaniuliza mbona hawazimi moto. Tulikaa hapo robo saa, nikawaeleza nchi za baridi na majiko yao ya ndani, nikaona hicho nacho nakibakiza kwa ajili ya maswali yake.

Kwenye kikao sikutoa hotuba. Niliwakalisha wazazi mkekani nikawasomea cha kuku, sikusema neno kuhusu nyoka. Bibi mmoja asiyejua kusoma, aliyekuja kwa niaba ya binti yake, ndiye aliyemwona wa kwanza, akapiga kelele. Mwenyekiti akaomba nirudie tangu mwanzo.

Nimepata vitabu 34, vyote vya pini, na cha kuku nimechukua nakala 3. Yule mtoto wangu jana alimsomea mwenzake chini ya mwembe. Maneno yake si yale yaliyoandikwa. Ameanza na nyoka.