Waya upi hutangulia kufunguliwa kwenye betri ya gari?

Swali: Wakuu, Corolla yangu itaegeshwa miezi miwili, nami nataka kuikata betri isiishe chaji. Je, nianze na chanya au hasi?

Jibu: Ndugu, zima gari, toa ufunguo, kisha fungua hasi kwanza kwa spana namba 10, kwa kuwa bodi nzima imeunganishwa na hasi, na ukianza na chanya, spana ikagusa bodi, utapiga shoti yenye cheche kali. Wakati wa kurudisha, chanya hutangulia.

Jibu: Naongezea kwamba pete na saa ya chuma zivuliwe, na sigara isikaribie, kwani betri hutoa haidrojeni, gesi inayolipuka.

Muulizaji: Ahsanteni. Na redio?

Jibu: Baadhi hudai namba ya siri umeme ukirudi, itafute mapema katika kitabu cha gari.